Umuvumu wa Kwenye Debe

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, baba yangu kapiga magoti mbele ya mti, panga mkononi, na mimi nimesimama nyuma yake roho juu, maana kuolewa kwangu kulitegemea kama atakata au hatakata. Nitakufikisha huko, usiwe na haraka. Kwanza kaa vizuri. Mwalimu mzima unakaa kwenye ukingo wa stuli kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe! Kaa. Chai ipo, mihogo ipo, na leo shule imefungwa.

Juzi mvua ilipovuja ukanisaidia kutoa lile sanduku langu la bati, ukakiona kile kitabu cha Kifaransa kilicholiwa kona na mchwa. Ukakipekua, ukatoa simu yako, ukatafuta humo, halafu ukanijia macho yamekutoka. "Bibi, hiki kitabu ni adimu! Ni katika vile vya kwanza kabisa Wazungu kuandika juu ya bonsai za Wajapani. Kimefikaje Mpanda?" Nikakuambia siku nyingine. Basi siku yenyewe ndiyo hii. Ila sikuambii kwa ajili ya kitabu. Nakuambia kwa ajili ya godoro lako.

Ndiyo, godoro. Umepanga chumba changu hapa Misunkumilo tangu ukuta ule haujapigwa plasta, na mpaka leo godoro liko sakafuni na begi liko mlangoni limefungwa zipu. Nikikuuliza kitanda, unaniambia, "Bibi, nasubiri uhamisho." Nikikuuliza mkeo, unasema yuko Iringa, aje huku Katavi kufanya nini na uhamisho uko njiani. Mtoto wako amejifunza kutembea ukimtazama kwenye simu. Haya. Kunywa chai, nikupe habari za mtu mwingine aliyekuwa njiani.

Sisi tulitoka Burundi mimi nikiwa mgongoni. Sikumbuki kitu, nasimuliwa tu. Siku ya kukimbia kila mtu alibeba alichoweza: huyu sufuria, huyu mkeka, huyu mtoto. Bibi yangu mzaa baba, sisi tukimwita Nyogokuru, yeye alipofika getini kwa boma alisimama, akavunja tawi la umuvumu, akalitia kwenye kanga pamoja na maharage ya mbegu. Watu wakamfokea, mama huyu kachanganyikiwa, kuni ziko kila mahali! Hakuwajibu. Nyogokuru hakuwa mtu wa kujibu kila kelele.

Umuvumu ni mti wa jamii ya mkuyu. Wazee wa zamani walikuwa wanapiga ganda lake likawa nguo. Tawi lake ukilichomeka ardhini linaota, halina makuu. Kwetu mti huo ndio hati ya boma. Nyumba itaanguka, watu watakufa, lakini ukipita mahali ukaona umuvumu umesimama, unajua hapa waliishi watu. Na ukoo wetu ulikuwa na mwiko wake: wakwe hupokelewa getini, chini ya umuvumu, na posa inapokelewa hapo hapo. Pasipo na umuvumu, hakuna posa. Ndivyo alivyoolewa Nyogokuru, ndivyo alivyoolewa mama yangu.

Tulipofika makazi ya wakimbizi ya Katumba, huku huku upande wa Mpanda, tukapewa shamba letu ndani ya pori la miyombo, Nyogokuru alitaka kupanda tawi lake siku ile ile, kabla hata ya kuwasha moto. Baba akalichukua mkononi mwake taratibu, kwa heshima, akalitia kwenye debe la mafuta lenye udongo. Akamwambia mamaye, "Ukipanda umuvumu umesema hapa ni kwetu. Na sisi tunarudi, mama. Mwacha asili ni mtumwa." Debe akaliweka getini, pale pale mti ulipotakiwa kusimama, ili siku ya kuondoka tulibebe.

Sasa, mwanangu, nisikilize. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, wala mvivu. Alikuwa mwalimu kule, Kifaransa kinamtoka kama maji. Huku alilima tumbaku mpaka mikono ikawa myeusi kwa gundi yake. Lakini kila kitu chetu kilikuwa kwenye debe. Majirani walifyatua matofali, wakachoma, wakajenga; sisi tulikaa kwenye nyumba ya nyasi, kila kiangazi tunaiezeka upya. Majirani walipanda michungwa. Sisi tulikula ya kuombwa. Katikati ya pori lile! Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, na walikuwa wanamsema baba yangu. Mama yangu akaugua, akafa, tukamzika Katumba. Hata baada ya hapo baba aliendelea kusema tunarudi.

Na umuvumu nao ulikaa humo. Kila ukinyoosha shingo, baba anapogoa. Mwanzoni alikuwa anahamisha debe huku na huku kufuata jua, halafu akaacha, likabaki pale pale. Kila Krismasi analipaka rangi ubavuni lisishike kutu. Wageni walilisifia. Kwa nje lilikuwa debe zuri kuliko nyumba yetu.

Basi nikakua, na kama ujuavyo, msichana akikua haombi ruhusa. Akatokea Kalisto, Mungu amlaze pema, Mkonongo wa upande wa Inyonga. Kwao walikuwa warina asali tangu mababu. Alikuwa na meno meupe, hana maneno mengi, na akicheka anaficha mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeshakufa nimeoza. Usinitazame hivyo, hata bibi yako alikuwa msichana!

Kalisto akamleta mshenga na ndoo ya asali ya posa. Baba aliwapokea vizuri, kuku akachinjwa, wakala, wakashiba. Ilipofika asali, baba hakuigusa. Akamwambia mshenga, "Kijana wenu simkatai. Lakini pa kupokelea posa sina. Umuvumu wangu uko kwenye debe. Siku tukirudi kwetu ukaingia ardhini, njooni na asali yenu." Mshenga akadhani ni utani wa watani. Akarudi tena msimu uliofuata, akapewa maneno yale yale na kuku mwingine. Safari hiyo Kalisto alinivizia kisimani akaniambia ukweli wake: yeye angesubiri hata azeeke, lakini baba yake alikuwa amechoka kulishwa kuku na kurudishwa na asali. Mzee huyo alikuwa ameshapeleka maneno kwa binti mwingine huko Inyonga, na asali ya kiangazi kile ingeenda huko kama kwetu ingekataliwa tena.

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka Nyogokuru akaniuliza kama nimefiwa.

Hapo ndipo kitabu kinapoingia. Parokiani kwetu palikuwa na padri mzee Mzungu; alikuwa amerudi kwao, na chumba chake cha vitabu kikavamiwa na mchwa. Padri mpya akatuita wasichana wa kwaya tukatoe vitabu juani, tuvipanguse. Mimi Kifaransa sijui hata salamu, nafunua tu. Nikafunua kimoja, nikaona mti. Mti mzee, shina limepinda, mizizi imeshika udongo kama vidole vya kikongwe, lakini umesimama kwenye bakuli! Nikafunua mbele: mwingine. Na mwingine. Nikapiga kelele, "Jamani, mti wetu!" Wenzangu wakacheka. Padri akaja, akakiona kimeshaliwa kona, akasema, "Kichukue, Skola, mchwa wasikimalize."

Nilikimbia nacho njia nzima. Nilijua baba atafurahi, na mzee akifurahi huwa analegea, akilegea nitamtupia la asali. Hiyo ndiyo hesabu ya msichana. Nikampa kwa mikono miwili.

Alifurahi, ndiyo. Alifurahi mno! Alikaa na kile kitabu mpaka akasahau kula. Kila jioni anatutafsiria: kumbe huko Japani watu wanatunza mti kwenye chungu maisha yote, babu anamwachia mwana, mwana anamwachia mjukuu, na mti unabaki na kimo cha mbuzi. Akanionyesha picha moja kwa kidole. "Huu una miaka zaidi ya mia, Skola. Mia! Na uko kwenye chungu. Kumbe unaweza kusubiri." Akakifunga kitabu, akakibusu kama padri anavyobusu Injili.

Mimi nikahisi ardhi inanimeza. Nilitafuta dawa, nikamletea mgonjwa sababu ya kuugua zaidi. Miaka mia! Kalisto atasubirije miaka mia?

Nyogokuru alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage. Akaomba aletewe ile picha. Aliitazama sana.

"Ni mzuri," akasema. "Ndege wanatua?"

"Hapana mama, ni mdogo, unakaa juu ya meza."

"Watu wanakaa chini yake?"

"Mama, utakaaje chini ya mti wa namna hii?"

"Na huyu aliyekaa pembeni ndiye mwenyewe?"

"Ndiye mwenyewe. Yuko nyumbani kwake."

"Nyumbani kwake," Nyogokuru akarudia, akampa kitabu, akaendelea na maharage yake. Baba hakulitia maanani. Mimi lilinikaa.

Kitabu kilimfundisha baba jambo moja alilokuwa analitafuta. Ule mti, miaka ile ya mwisho, ulikuwa umemshinda. Anakata tawi moja, yanachipua manne. Shina lilikuwa limenenepa mpaka debe limeanza kutoka tumbo. Baba aliuona ni ukaidi. Sasa kitabu kikasema wale mafundi hupogoa hata mizizi: mti unatolewa kwenye chungu, mizizi inapunguzwa, unarudishwa na udongo mpya, na hapo unatulia. Unafanya hivyo majani mapya yakikaribia kutoka. Baba akasubiri miyombo ianze kutoa yale majani yake mekundu kabla ya mvua, nawe umeyaona, pori zima linawaka. Akasema, "Jumapili hii, tukitoka misa."

Na mshenga alikuwa ameshatuma neno: atapita wiki hiyo hiyo na asali, mara ya mwisho. Yaani baba anajiandaa kuurudisha mti kwenye debe, na mimi maisha yangu yako kwenye debe hilo hilo.

Jumapili ikafika. Baba akavua koti la kanisani, akakunja mikono ya shati, akaandaa udongo mpya, panga amelinoa, kitabu amekifungua juu ya kigoda na jiwe juu yake upepo usikifunge. Nyogokuru akatoka na mkeka wake akakaa pale getini. Hakuna aliyemwita.

Baba akainama, akakumbatia debe, akanyanyua. Debe halikutoka. Akajishika kiuno, akacheka kidogo, "Uzee huu!" Akaniita tushike wote. Tukanyanyua, mwanangu, nilihisi mishipa ya shingo inataka kukatika. Likasogea kidogo, halafu tukasikia mlio wa bati linachanika, na tukaanguka chali wote wawili, mimi na baba yangu, tumekumbatia debe lililopasuka ubavuni, halina kitako.

Kitako kilikuwa kimeoza zamani. Rangi ya Krismasi ilikuwa ubavuni tu. Nani anapaka debe chini? Na pale lilipokuwa, katikati ya kutu na udongo, umesimama umuvumu wetu, haukutikisika hata jani. Baba akatambaa kwa magoti, akafukua kwa vidole. Chini kulikuwa na mzizi mnene kama mkono wa mtoto, umeshuka moja kwa moja kwenye ardhi ya Katumba. Akafukua zaidi. Unaendelea. Akafukua mpaka kiwiko kikazama. Unaendelea tu.

Akautoa mkono. Kisha akaokota panga.

Kitabu kilikuwa pale kigodani kinamwambia kata. Na ni kweli angeweza kuukata. Umuvumu ni mgumu kufa, ungechipua tena kwenye debe jingine, na sisi tungeendelea kusubiri. Nilichoweza ni kuomba, tena bila maneno.

Nyogokuru ndiye aliyesema. Hakunyanyua sauti, na hakumwita mwalimu wala baba Skola kama siku zote. Alimwita jina lake la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

"Mkeo ulimweka kwenye ardhi hii," akasema. "Mimi karibuni utaniweka. Mti ndio unauogopea nini?"

Panga bado liko mkononi mwa baba. Nyogokuru akaendelea.

"Hilo tawi nililivunja mimi. Sikulivunja ili nikumbuke tulikotoka, kukumbuka nakumbuka bila mti. Nililivunja ili tunapofika tuwe na cha kupanda. Tumefika siku nyingi, mwanangu. Mti umejua kabla yako."

Basi baba yangu, mtu niliyemwona akimzika mkewe bila kutoa chozi, alilia. Alilia pale chini na panga mapajani, na Nyogokuru akamwacha alie. Alipomaliza akapangusa uso kwa mkono wenye udongo, akarudisha udongo juu ya ule mzizi, akaushindilia kwa viganja kama unavyomfunika mtoto. Akasimama. Akaniambia, bila kunitazama, "Skola, mpelekee mshenga neno. Waje na asali yao. Wapite getini."

Niliondoka pale mbio, hata kanga niliiacha.

Niliolewa, mwanangu. Tulipokelea posa chini ya mti wenye kimo cha mbuzi, wakwe wakainama kupita huku wanacheka, na Wakonongo mpaka kesho wananitania kwamba mimi niliozwa na debe. Kiangazi kilichofuata baba alifyatua matofali. Nyogokuru alilala kwenye nyumba ya bati misimu michache, kisha tukamzika karibu na mama yangu. Baadaye, mambo yalipotulia na walioomba uraia wakapewa, baba alikwenda Burundi kutembea. Umuvumu wa babu alikuta umekatwa. Akarudi Katumba, akavunja tawi kwenye mti wetu, ambao wakati huo ng'ombe wa jirani wanalala chini yake, akalipeleka, akalichomeka palipokuwa geti la boma la baba yake. Na wenzetu walioamua kurudi moja kwa moja, wengi waliondoka na tawi la mti ule. Miaka yote ulipokuwa kwenye debe ili ubebwe, hakuna aliyeubeba. Ulipokaa ardhini ndipo ukatosha kubebwa na kila mtu.

Usije ukadhani nawadharau wale Wajapani. Kitabu nimekitunza, si nimekitunza? Nakifungua mara moja moja nawaangalia, wamekaa na miti yao kwa upendo. Lakini Nyogokuru aliona kitu ambacho baba na Kifaransa chake hakukiona: yule mtu kwenye picha alikuwa nyumbani kwake. Chungu chake kilikuwa juu ya meza yake, ndani ya nyumba yake, na kesho alijua atamwagilia tena. Alikuwa na kwao, ndiyo maana aliweza kucheza na mti mdogo. Baba yangu aliufanya mdogo kwa sababu ya hofu. Na hofu, mwanangu, hata uipake rangi kila Krismasi, kitako chake kinaoza.

Sasa nakuambia neno langu, na ukilikasirikia, kodi si nimeshapokea, utakasirika huku umekaa! Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini ni hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kuna kusubiri kwa mkulima, amepanda anangoja mvua. Na kuna kusubiri kwa aliyekaa juu ya mbegu zake. Huo uhamisho wako sijui kama utakuja; sikuombei usije. Ninachokijua ni kwamba miaka hii unayoiita ya kusubiri ndiyo miaka yenyewe, Mungu hatakurudishia mingine akisema ile ya Mpanda haikuhesabiwa. Watoto wa darasani kwako wanakupenda, nawasikia wakikuita njiani. Mizizi imeshapita chini ya debe, wewe ndiye hujanyanyua ukaona.

Kwa hiyo kesho nenda kwa fundi seremala pale nyuma ya soko, kachongeshe kitanda. Cha watu wawili, sio cha msela. Fungua lile begi, uning'inize mashati yako kama mtu mwenye kwake. Halafu mpigie mkeo aje na mtoto, mwambie bibi mwenye nyumba ana uwanja mkubwa na kuku wa kufukuzwa. Na kitabu njoo usome wakati wowote, nitakutolea kiti kizima, sio stuli.

Mungu wa Nyogokuru akubariki, mwanangu. Akupe kivuli mahali ulipo, na mtoto wako akanyage ardhi hii kwa miguu, si kwenye simu. Na siku uhamisho ukija, ukukute una cha kubeba.